Mpangaji Asiyelipa Kodi

Yakhe, mtu wa Mji Mkongwe akichelewesha kodi miezi miwili, godoro linatolewa nje na mtaa mzima unaona. Njiwa analala juu ya dirisha miaka nenda miaka rudi, hatoi hata thumni, na ndiye anayemwagiwa wali wa jana! Tena akishiba analipa: mgongoni mwa kanzu, Ijumaa, saa sita na nusu, maji ya udhu hayajakauka.

Ndege wa baraka, wanasema. Haya, mwulizeni ukuta. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na adui wa chokaa ni ukali. Kamulia limau juu ya chokaa iliyokwisha kukauka ukutani uone inavyotoka povu. Ule weupe kwenye kinyesi cha njiwa ndio mkojo wake, tindikali tupu, maana ndege haja zote mbili zinatoka mlango mmoja. Mvua ikiulowesha, plasta inaunywa pamoja na chumvi zake. Jua likiwaka chumvi inaganda ndani, inavimba, na ukuta unatoka magamba kama changu. Juu ya uchafu ule huota kuvu, nao wana tindikali yao. Mwaka 2000 UNESCO iliutia mji huu katika Urithi wa Dunia, njiwa hakuulizwa.

Na wala hajapotea njia. Asili yake ni ndege wa majabali, mengine kandokando ya bahari. Akiona nyumba ndefu ya mawe, ina vikuta vya kutokeza nje, matundu na pepo za Forodhani, anajua amefika kwao. Sisi ndio wageni.

Paani ndiko kwenye hasara yenyewe. Vijiti, manyoya na kinyesi vinaziba mlizamu wa kutolea maji ya mvua. Masika yakija, maji yanasimama, yanatafuta pa kupita, yanapaona pale kichwa cha boriti kilipoingia ukutani. Boriti inaozea humo humo. Wewe chini unaona doa tu darini, unasema, "Pakeni rangi." Rangi!

Halafu anatokea fundi wa kusafisha, ufagio mkavu, mdomo wazi, anaimba. Vumbi lile lina kuvu wa kuingia mapafuni, bwana! Kinyesi kinalowekwa kwanza kwa maji hadi kilainike, umevaa barakoa inayobana na glavu. Ukikwangue kwa mwiko wa mti, na mwiko huo usirudi jikoni. Chuma kinachimba jiwe. Siki na dawa ya choo ndiyo kabisa: unamsaidia njiwa kumalizia kazi. Pakikauka, ziba kwa chokaa na mchanga. Akija mtu na saruji, mpe chai aende zake. Saruji inafungia unyevu nyuma yake. Kiraka kitabaki kizima, mawe ya pembeni yatakuwa unga.

Kufukuza sasa. Wengine wananing'iniza sidii zinazometameta, wengine wanaweka bundi wa plastiki. Siku chache za mwanzo njiwa anapaona pageni. Akishajua bundi hageuzi shingo, wanakuwa majirani. Miiba ya chuma inafaa, ila ijae upana wote wa kikuta. Ukiacha nafasi nyuma yake umemjengea ua. Nafuu kukijaza kikuta chokaa kwa mteremko wa nyuzi 45 au zaidi, miguu imteleze.

Na msijisumbue kuvunja mayai. Anataga mawili, anaatamia kama siku 18, dume na jike kwa zamu. Makinda yanakaa kiotani mwezi na kitu, na hayajaondoka mama ameshataga tena. Ukimvunjia, anataga mengine, hana kinyongo. Kinachopunguza njiwa ni chakula kupungua. London walipiga marufuku kuwalisha njiwa pale Trafalgar Square mwaka 2003. Hapa mmoja anaziba matundu, jirani yake wa mlango wa pili anamwaga mchele kwa ratli.

Wavu ndio dawa ya uani na roshani, matundu yake yasizidi sentimita 5, umekazwa hadi ukiugonga unalia kama uzi wa udi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, ziingie kwenye chokaa kati ya mawe, zisitoboe jiwe. Kwa hewa hii ya bahari, chuma cha kawaida kinashika kutu, kinavimba, kinapasua jiwe. Na kabla hujafunga pembe ya mwisho, hesabu waliobaki ndani! Lakini watu wetu wanakwenda Malindi, kwa wavuvi wa hapa hapa mjini, kuomba wavu chakavu wa samaki, wanautundika umelegea kama chandarua cha bwenini. Jua linaumaliza, na kabla haujakatika unafanya kazi uliyosomea: unavua. Asubuhi njiwa ananing'inia mguu mmoja juu ya mlango, watalii wanapiga picha, na mwenye nyumba anatafuta ngazi ya kuazima.