Kura ya turufu Ulaya: iondolewe wapi, ibaki wapi

Agosti 2020 Alexander Lukashenko alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa Belarusi, na maelfu ya waandamanaji wakakamatwa. Ndani ya mwezi huohuo viongozi wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kwamba waliohusika wawekewe vikwazo. Orodha ya majina ikaja kutoka tarehe 2 Oktoba. Kupro ndiyo iliyoizuia, ikidai kwanza hatua dhidi ya Uturuki, iliyokuwa ikitafuta gesi katika maji ambayo Kupro inasema ni yake. Belarusi haihusiki hata kidogo na gesi hiyo.

Tangu Mkataba wa Maastricht uanze kutumika Novemba 1993, Sera ya Pamoja ya Mambo ya Nje na Usalama inaendeshwa hivyo: karibu kila uamuzi mkubwa unataka ridhaa ya nchi zote, ambazo leo ni 27, na kila moja ina turufu ya kuuzuia.

Wanaotaka wingi wa kura, yaani nchi 15 zenye asilimia 65 ya watu, wana hoja nzito kuliko ucheleweshaji. Vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Urusi vimekuwa vikiongezwa miezi sita sita, kila mara kwa kauli moja. Basi mwenye turufu anaiuza ridhaa yake kila muda wa vikwazo unapokaribia kuisha. Hata kwa vikwazo vipya bei hulipwa: Juni 2022 Hungaria ilifanikiwa kuyaondoa mafuta ya Urusi yanayopita bombani kwenye marufuku, na jina la Patriaki Kirill, mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, likafutwa orodhani.

Hofu ya nchi ndogo nayo si ya kupuuzwa. Kwa wingi wa kura, uamuzi huzuiwa na nchi nne zenye zaidi ya asilimia 35 ya watu. Ujerumani na Ufaransa peke yao zina takribani theluthi ya watu wote. Zikipata wenzao wawili wa ukubwa wa kati, zinazuia. Wakubwa wanabaki na turufu yao, Malta yenye watu nusu milioni inaipoteza.

Kisha kuna utekelezaji. Septemba 2015 mawaziri walipiga kura ya wingi kugawana waomba hifadhi 120,000. Hungaria ilishindwa kwenye kura, na haikupokea hata mmoja. Vikwazo navyo hutekelezwa na forodha na waendesha mashtaka wa kila nchi. Serikali iliyolazimishwa ina njia nyingi za kuzembea.

Kwa maoni yangu, vikwazo vipya na kutuma askari vibaki kwa kauli moja. Anayesitasita anaweza kujizuia kupiga kura, kama Kupro ilivyofanya kuhusu kupeleka ujumbe wa Umoja wa Ulaya Kosovo mwaka 2008, na wenzake wakaendelea. Kinachopaswa kuhamia kwenye wingi wa kura ni kuongeza muda wa vikwazo ambavyo wote walikwisha kuviridhia. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya kinaruhusu hilo bila mkataba mpya, ila kwa ridhaa ya viongozi wote. Mahali pa kuidai ridhaa hiyo ni kwenye mazungumzo ya bajeti ya miaka saba inayoanza 2028, ambako wanaopokea fedha nyingi nao wanahitaji kura za wanaozitoa.