Muuza Mukene Hasemi Kama Redio

Kwa muda mrefu kila aliyesema Kiswahili katika hadithi zangu alikuwa na bunduki. Sikupanga iwe hivyo. Wakati huo nilikuwa naandika kwa Kiingereza, kama shule ilivyonizoesha, na Kiswahili nilikichomeka pale tu palipohitajika mtu wa kutisha. Msichana anatoroka ndoa, basi linafika kwenye kizuizi cha barabarani, afande anapaza sauti: "Simama hapo!" Duka linavunjwa usiku: "Lala chini!" Mapenzi, maombi, umbea, ugomvi wa mke na mume, vyote vilikuwa kwa Kiingereza. Amri na matusi ndivyo vilivyobaki kwa Kiswahili.

Aliyekulia Uganda ataelewa kosa hilo lilitoka wapi. Lugha hii kwetu ilivaa buti kabla ya kuvaa kandambili. Ilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, ikabaki kambini baada ya uhuru. Mwaka 1973 Idi Amin akaitangaza lugha ya taifa, na kwa wengi hilo peke yake lilitosha kuichukia. Mwaka 1979 wanajeshi wa Tanzania wakaingia nayo, watu wakawaita bakombozi, neno la Kiswahili lililovishwa kiambishi cha Kiganda. Kisha miaka ya 1980 ikaja misako ya "panda gari", watu wakisombwa kwenye malori ya jeshi. Mpaka leo ukimwambia mama yangu, kwa nia njema kabisa, "Mama, panda gari, tumechelewa," atakutazama mara mbili kabla ya kuinua mguu.

Lakini mimi naishi Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na Busia Kiswahili kimevaa aproni. Ndiyo lugha ya kubadilisha shilingi za Kenya kuwa za Uganda, ya kupunguziana bei ya vitunguu, ya kumsalimia shemeji aliyeko ng'ambo ya geti. Hata neno boda boda husemwa lilizaliwa huku mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili huku wakiita "boda, boda!" Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha.

Kazi yangu ni kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Nina mwavuli, stuli, simu tatu, na daftari kubwa la miamala: tarehe, jina, namba, kiasi, sahihi. Hadithi naziandika nyuma ya daftari hilohilo, nikianzia ukurasa wa mwisho kuja mbele, na siku moja hadithi na miamala vitakutana katikati. Watu huniuliza napata wapi muda. Muda upo, ila umekatwakatwa vipande kama muwa wa kuuza barabarani. Sentensi moja, mteja. Nusu sentensi, floti imeisha. Usiku umeme ukikatika naandika kwa tochi ya simu, na simu ikizima nalala. Sioni kama hiyo ni taabu ya kusimulia sana. Kila fundi cherehani wa mtaa huu anafanya kazi hivyohivyo.

Tena kibanda kinanipa kuliko kinavyoninyang'anya. Mtu anayetuma pesa hawezi kunyamaza. "Mtumie yule mama wa mtoto, lakini meseji isije kwangu." Anayetoa naye ana lake: tangu 2018 kuna kodi ya kutoa pesa, siku hizi ni nusu asilimia, na lawama zake zote huishia kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekaa bungeni.

Basi miaka michache iliyopita nikahamia Kiswahili kabisa. Nikanunua kamusi, nikasikiliza taarifa za habari za Dar es Salaam na Nairobi, nikajifunza ngeli kama mtu anayejifunza kuendesha lori mlimani. Nikaandika hadithi ya mama anayeuza mukene, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na mume anayemkopa mtaji kila wiki asirudishe. Sarufi yake ilinyooka kama rula. Nilijivunia.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa dereva wa trela kutoka Mombasa, mzee wa mvi chache, ambaye karatasi za mzigo wake zilimkalisha Busia siku mbili. Hakuwa na la kufanya ila kunywa chai. Nikampa daftari. Alisoma polepole, akilamba kidole kabla ya kufunua kila ukurasa, na mara mbili akacheka mahali ambapo mimi sikuweka kichekesho.

"Mwanangu," akasema, "Kiswahili chako kizuri. Kimepigwa pasi. Lakini huyu mama muuza samaki mbona asema kama redio?"

"Kama redio vipi, mzee?"

"'Mume wangu, naomba unirejeshee fedha zangu ulizoazima.' Nani asema hivi sokoni? Hapo nilikuwa nangoja anisomee na hali ya hewa."

Nilikasirika, sitaficha. Nimejitesa na ngeli miezi na miezi, halafu Mswahili wa pwani, aliyezinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, ananiambia nizilegeze! Alipoondoka alinilipia chai, nikaona hata chai ni dharau. Ila kesho yake nilikaa kibandani nikatega masikio, na kutwa nzima sikumsikia mtu aliyesema "fedha ulizoazima". Nilisikia "ile pesa yangu". Nilisikia "kitu yangu" na "mutoto yako" na "nataka kukula", vikipishana na Kiganda, Kisamia na Kiteso, na hakuna aliyeshindwa kuelewana na mwenzake wala kudanganyana naye.

Chukua mukene wenyewe. Ukivuka geti tu, samaki haohao wanaitwa omena. Kamusi inataka dagaa. Ni samaki walewale wa ziwa lilelile, lakini nikiandika dagaa, mama wangu wa sokoni atakuwa amehamia Mwanza bila nauli. Mfuko wa plastiki anaowafungia ni kaveera. Gari analopanda kurudi nyumbani ni taksi, si matatu wala daladala. Na jioni anapika posho. Hilo la posho lilinitoa jasho. Rafiki yangu aliyeko Dar alisoma "walikula posho kwa maharage", akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na dakika moja na nusu ilikuwa kicheko: kwake yeye anayekula posho ni mbunge. Kwetu posho ni ugali, na ukiuliza kwa nini, utarudi kwenye maana ileile ya zamani, mgao, chakula cha kupimiwa mtu aliyepanga foleni. Yaani neno ni la Kiswahili tangu mwanzo, ila lilipofika huku lilishika sufuria. Nikaliacha lilivyo. Wa Dar atacheka mara ya kwanza, mara ya pili atakuwa ameshalijua.

Maoni yangu basi ni kwamba mwandishi wa Kiswahili aliyeko Uganda asingoje kuzungumza kama Mzanzibari ndipo aandike. Masimulizi nayaweka kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu ndicho kinachonivusha hadi kwa msomaji wa Tabora asiyejua Busia iko wapi. Lakini midomo ya watu wangu ni yao. Hatari yake naijua. Katika vichekesho vyetu anayevunja ngeli ni mjinga au mlinzi wa geti, na watazamaji wamezoea kumcheka kabla hajamaliza. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: Kiswahili kilichovunjika kuliko vyote nampa mhusika mwenye akili kuliko wote. Na sivunji kila neno. Matatu au manne kwa ukurasa yanatosha, yakizidi inakuwa maigizo na macho yanachoka. Katika hadithi ya mukene, anayesema kwa usafi sasa ni mume mkopaji. Ngeli zote anazo, senti hana.

Wapo wanaoniambia nisubiri serikali. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nafurahi, kwa kweli, watoto hao ndio wasomaji wangu wa kesho. Ila mtoto akifundishwa Kiswahili cha mtihani, kisha akamtafuta bibi yake ndani ya vitabu vyake asimwone, atabaki na afande yuleyule wa kizuizini. Uganda ina sifa ya fasihi ya miaka mingi. Waandishi wa Afrika walikusanyika Makerere mwaka 1962, lakini mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka huohuo, hakuwa na kiti pale. Siku hizi viti vipo. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na siku moja nitapeleka mswada. Bado. Daftari halijafika katikati.

Wiki iliyopita muuza mukene wa kweli, ambaye meza yake inatazamana na kibanda changu na ambaye mpaka siku hiyo hakujua kwamba amenilisha hadithi nzima, alikuja kutoa pesa akanikuta nimekwama. Mume wa kwenye hadithi amerudi kukopa mara ya tano, na mke hana jibu. Nilikuwa nimeandika "Sikupi tena," nikafuta, nikaandika tena. Nikaamua kumsomea.

"A-a, dada," akasema. "Mimi siwezi sema hivyo. Huyo ukimwambia hivyo mutapigana mpaka usiku."

"Wewe ungemwambiaje, mama?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mimi namwambia: 'Pesa iko. Ya wewe ndiyo haiko.'"

Nikaandika upesi kabla halijaniponyoka, pembeni mwa daftari, kati ya miamala miwili, penye nafasi ya sahihi. Yeye alisimama akinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake akishona kifungo.

"Umemaliza? Haya, toa elfu hamsini yangu." Akainua kidole. "Na ile mia mbili hamsini ya serikali, hiyo pia andika kwa hadithi."