"Mtoto Hasikii," Mwalimu Aliandika

Daftari la mawasiliano lilirudi na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Mtoto hasikii." Nami, mzazi hodari, nikamgombeza mtoto. Ana miaka minne. Alisimama mbele yangu akinitazama mdomoni. Mdomoni, si machoni. Nilipaswa kushtuka papo hapo, lakini nilikuwa katikati ya mahubiri.

Wiki kadhaa baadaye daktari alimchungulia masikio, akasema ute umejaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Kumbe mwalimu aliandika ukweli mtupu. Hasikii!

Kinachoniuma ni kwamba mimi na mwalimu tulilisoma neno lile kama kesi ya nidhamu. Ute huu aghalabu hauumi, basi mtoto halalamiki. Mara nyingi huja baada ya mafua, maana kwa watoto wadogo mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni ni mfupi, tena umelala, huziba upesi. Leo anasikia vizuri, kesho nusu, nasi watu wazima tunahukumu: "Huyu husikia anapotaka." Na huu ndio umri wa kutenganisha pa na ba, ta na da! Unamwimbisha silabi mtoto aliye kama amezamishwa majini, kisha unamjazia ripoti "aongeze bidii". Bidii ya nini, ya kuota masikio mapya?

Haya, mwalimu si daktari, na ana darasa zima linalolia kwa zamu. Na ni kweli, mara nyingi ute huo hukauka wenyewe ndani ya miezi mitatu. Lakini kusimama nyuma ya mtoto ukamwita kwa sauti ya kawaida kunahitaji shahada gani? Kumhamishia kiti cha mbele je? Chekechea ina siku ya afya, wanapimwa uzito na kukaguliwa kucha, halafu kesho yake masomo yanaendelea utadhani wamekuja watoto wengine.

Macho nayo ni hivyo hivyo: jicho vivu, yaani lile ambalo ubongo umelizoea kulipuuza na kutegemea la pili, hutibika vizuri zaidi likigunduliwa mapema. Usingizi ndio usiseme. Shirika la Afya Duniani linataka wa miaka mitatu na minne walale saa 10 hadi 13 kwa siku, sisi tunafuta usingizi wa mchana tupate kipindi cha kuandika.

Wangu sasa masikio yamefunguka. Juzi nilimwita kwa ile sauti yangu ya mazoea, akageuka amekunja uso.

"Baba, mbona unapiga kelele?"