Pasipoti Imo Kontenani

Saa tisa usiku simu yalia. Si msiba. Ni ndugu yangu kutoka Minneapolis, kwake ni saa moja jioni, ashakula, ashapumzika, yuauliza kama sufuria ya umeme ya kupikia wali itafanya kazi Mombasa.

Nyinyi wenye ndugu wanaorudi nyumbani na mke, watoto wawili na kontena la vyombo mwanielewa. Wasio nao na washukuru Mungu.

Haitafanya kazi. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 240. Chombo cha kupasha moto cha volti 120 ukikichomeka hapa hakipashi mara mbili, chapasha mara nne, kisha ni moshi na majirani mlangoni. Tazama kibandiko cha nyuma: kikisema 100 hadi 240, kama chaja za simu na kompyuta, lete. Kikisema 120 peke yake, mpe jirani. “Kaka, nitanunua transfoma.” Ya wati ngapi, bwana? Pasi peke yake yaweza kula wati 1,500, na transfoma ya kuibeba bila kuungua utaibeba wewe kwa mikono miwili. Ile saa ya mezani ya kuchomeka ukutani nayo muiache, kule umeme ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, hapa 50, nayo huhesabu mapigo hayo, kwa hivyo hata ukiipa transfoma itachelewa dakika 10 kila saa. Mombasa hatuhitaji mashine ya kutuchelewesha.

Gari la usukani wa kushoto, hapana. Hata lingekuwa la kulia, lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe, naye akitaka msamaha wa ushuru awe amelimiliki miezi 12. “Lakini lina viti vya ngozi, kaka.” Haya.

Sasa tuje kwa lenyewe. Msamaha wa ushuru wa vyombo vya nyumbani hupewi kwa kuwa umetoka mbali na una kofia nzuri. Uwe umekaa nje si chini ya miaka 2, na katika miaka hiyo 2 ziara zako za huku, ukizijumlisha zote, zisifike siku 90. Na ushahidi ni mihuri ya pasipoti. Pasipoti yake mpya ni nyeupe pe. Mihuri imo kwenye ile kuukuu.

“Iko wapi ile kuukuu?”

Kimya. “Ngoja nikupe shemeji yako.”

Shemeji ni mtu wa adabu, lazima tusalimiane. Mama hajambo? Joto vipi huko? Embe zishaanza? Kontena li yadini lasubiri gari moshi, mimi naulizwa embe.

“Embe ziko, shemeji. Pasipoti ya zamani?”

“Ah, hiyo usijali! Nimeihifadhi vizuri sana. Imo boksi namba 17, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za chanjo na ripoti za shule.”

“Na boksi namba 17 liko wapi?”

“Kontenani.”

Kila chenye karatasi kimetiwa kontenani, na kila chenye kumwagika kimetiwa mkoba wa ndegeni. Nikakaa kitako. Nikauliza, kwa sauti ya mtu mzima, orodha ya mizigo yasemaje kuhusu boksi 17.

“Vitu mbalimbali.”

“Na 18?”

“Vitu mbalimbali vingine.”

Orodha, ndugu zanguni, huandikwa boksi kwa boksi: namba 5, sufuria 6 zilizotumika, mashuka 8 yaliyotumika. Afisa wa forodha akisoma “mbalimbali” huwaza mengi, na kila alilowaza atataka kulifungua alione.

“Basi fungueni kontena muitoe.”

“Lishapigwa sili, shemeji.”

Sili, kile kifungio cha mlango wa kontena, ina nambari, na nambari hiyo imeandikwa kwenye hati ya shehena. Ukiikata, utie nyingine, na hati irekebishwe kabla meli haijang'oa nanga. Nambari zikikataana hapa bandari ya Kilindini, umejitafutia ukaguzi wa mpaka kijiko cha mwisho. Na hata wakilifungua! Kontena la futi 20 lachukua kama mita za ujazo 33, nao wamelijaza hadi mlangoni. Kilichoingia kwanza ndicho kitokacho mwisho, na shemeji, kwa kuithamini pasipoti, alianza nayo. Mbele yake kuna makochi, meza ya watu wanane, na friji.

“Kaka,” ndugu yangu ameirudia simu, “si unawajua watu pale bandarini?”

Namjua mmoja. Auza mihogo ya kukaanga.

Watoto nao ni Wakenya kwa Katiba ya 2010, mzazi mmoja Mkenya atosha, hata wakizaliwa kwenye theluji. Lakini kaunta ya ndege haisomi Katiba, yasoma pasipoti, na zao ni za Kimarekani. Basi waombewe idhini ya kusafiri mtandaoni mapema, si wakiwa kwenye foleni. Makoti ya baridi, maboksi mawili: yataota kuvu kabla ya Ramadhani. Mashine ya kufua yataka maji ya mfereji yenye nguvu. Mfereji mwaujua.

Lakini hiyo friji! Milango miwili, upana inchi 36, volti 120 vilevile, na shemeji yuaipenda. Nyumba niliyowapatia mtaa wa Tudor iko ghorofa ya nne, ngazi zake watu wawili wakipishana mmoja hushusha pumzi. Wapagazi wamekuja, wametazama ngazi, wametazama kipimo, wametaja bei ya kila ghorofa, ya nne ikiwa maradufu. Wasema milango ing'olewe, na ikikataa tena, grili ya roshani ikatwe, ivutwe kwa kamba kutoka nje. Mwenye nyumba ataka grili yake irudishwe na kupakwa rangi. Na jirani wa ghorofa ya pili ashasema kamba isipite mbele ya dirisha lake, ana kuku waatamia.