Kufyata Mkia Si Kuungama

Kwa miaka miwili mizima niliamini mbwa wangu Popi ana dhamiri. Nikirudi nyumbani na kukuta ndara imetafunwa, nilimkuta naye kajibanza kando ya kabati, masikio kayalaza, mkia kauficha kati ya miguu, ananitazama kwa upande mpaka weupe wa macho unaonekana. Basi mimi naishika ile ndara, nanyoosha kidole, namsomea mashtaka. Kila niliyemsimulia alikubaliana nami: huyo anajua alichokifanya.

Kisha siku moja mtoto wa dada yangu akapasua mto wa kochi wakati mimi nimelala chumbani. Akatoa sponji yote, akaitawanya sebuleni, akaenda zake kucheza. Popi alikuwa nje tangu asubuhi. Nilipoamka nikamfungulia mlango wa nyuma, tukaingia sebuleni pamoja. Sikuwa hata nimefungua mdomo. Akaiona sponji sakafuni, akanitazama, akarudi nyuma hatua mbili tatu, akalaza masikio, akaenda moja kwa moja kando ya kabati. Kizimbani kwake.

Hana kosa lolote, na uso ni uleule wa siku ya ndara.

Nilikaa kwenye lile kochi lisilo na mto nikajiuliza nimekuwa nikimhukumu nani siku zote hizi. Popi alikuwa amejifunza hesabu rahisi kabisa: vitu vikitawanyika sakafuni, na mimi nikiwa nimesimama hapo, kelele zinakuja. Nani alitawanya, hilo halimo kwenye hesabu. Ni jambo lilelile ambalo Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu usagaji wa chakula, aliliona kwa mbwa wake: mate yanawatoka kabla chakula hakijafika, kwa sababu ishara ya chakula imeshafika. Mbwa wangu alikuwa akitokwa na hofu badala ya mate.

Baadaye nikakuta kuna mtu aliyelipima jambo hili vizuri kuliko mimi na sponji yangu. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa katika chuo cha Barnard, New York, alitoa matokeo ya jaribio la aina hiyo. Mwenye mbwa anamkataza mbwa wake asile kitu kitamu, kisha anatoka chumbani. Akirudi anaambiwa mbwa kala au hakula, na mara nyingine anaambiwa uongo. Ule uso wa "nimekosa" haukufuata kosa, ulifuata karipio. Mbwa ambaye hakugusa kitu, akikaripiwa, anauvaa uso huo, tena hata zaidi ya mwizi mwenyewe.

Wala hatukuhitaji kwenda New York kujua hili. Lugha yetu inalisema tangu zamani. Mtu akifyata mkia, tunamaanisha ameogopa, ameshindwa, amenywea. Sijawahi kusikia mtu akisema fulani amefyata mkia akimaanisha ametubu. Maana sahihi tunaitumia kwa binadamu, halafu tukimwona mwenye mkia wake halisi tunaisahau.

Kwa nini tunadanganyika kirahisi hivyo? Sehemu ya jibu iko usoni. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mbwa wana msuli unaoinua nyusi upande wa ndani, wakati kwa mbwamwitu msuli huo umebaki nyuzi chache tu. Nyusi zikiinuka, macho yanaonekana makubwa, ya kitoto, yenye huzuni. Sisi tunayeyuka, na tukishayeyuka tunaanza kumtungia mbwa hadithi. Anajuta. Ananikomoa kwa kuwa nilichelewa. Anataka kunitawala.

Hiyo ya kutawala ndiyo inayonikera zaidi, maana imewaponza mbwa wengi. Utamsikia mtu anakwambia usimwache mbwa apite mlangoni kabla yako, mgeuze chali umkandamize ajue nani bwana. Mzizi wake unarudi kwa Rudolph Schenkel, aliyeandika mwaka 1947 kuhusu mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama waliorundikwa mahali pamoja bila njia ya kuondoka watagombana, kama watakavyogombana watu. David Mech wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliisambaza dhana hiyo ya kutawala, aliandika mwenyewe mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida la mbwamwitu porini ni familia: baba, mama na watoto wao. Mwenye hoja ameikana hoja yake, wafuasi bado wanageuza mbwa chali. Na hata kama angekuwa sahihi mwanzo, Popi si mbwamwitu. Anapita mlangoni mbele yangu kwa sababu ana miguu minne na nje kunanukia.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa kuliko la ndara. Popi alipofika umri wa miaka mitano alianza kunguruma akishikwa kichwani. Mara ya kwanza nilimkemea. Mara ya pili nilimkemea zaidi. Akaacha kunguruma, nami nikajisifu. Wiki chache baadaye mtoto alimpapasa sikio, Popi akageuka na kung'ata hewa, sentimita chache tu kutoka kwenye vidole, bila sauti yoyote kabla. Daktari wa mifugo aliingiza kifaa chake sikioni, akatikisa kichwa, akanionyesha pamba iliyotoka na uchafu wa rangi ya kahawia wenye harufu kali. Sikio lilikuwa limeoza kwa maambukizi. Popi alikuwa amenieleza kwa adabu yote ya kimbwa, nikamwadhibu kwa kueleza, akabaki na njia moja tu.

Tangu hapo mbwa akibadilika ghafla simwulizi mtu habari za malezi, naanza na mwili: meno, masikio, nyonga, tumbo. Kuna mabishano mengi kuhusu mafunzo ya mbwa na mengine sina hakika nayo, lakini kunguruma hakuadhibiwi. Hapo sitaki mjadala.

Mengine ni mepesi ukishaacha kuyatungia hadithi. Mbwa anayembwekea kila mleta vifurushi anaona kazi yake inalipa: anabweka, mtu anaondoka, kila siku. Hajui kwamba yule angeondoka tu. Anayevuta kamba na kung'ang'ania mti mmoja dakika tatu anasoma pale nani amepita na lini, kwa pua iliyotuacha mbali sana. Kumkokota ni kama kumnyang'anya mtu gazeti. Na mbwa anayepiga mwayo mbele yako au kulamba pua wakati hakuna chakula, mara nyingi hana usingizi wala njaa. Ana wasiwasi, anaomba mambo yapoe.

Huo mwayo nilikuwa nauona kila siku ya mashtaka, nikiuhesabu kuwa dharau.

Juzi nimerudi nikakuta soksi moja imekuwa matundu matupu. Popi kando ya kabati, masikio yameshalala. Nikaweka mfuko chini, nikaokota soksi bila kusema kitu, nikaisukuma ndani ya droo ambayo ningeifunga asubuhi kama ningekuwa na akili. Nikaketi sakafuni, nikamgeuzia ubavu. Akapiga mwayo mrefu, ulimi ukajikunja. Ikachukua kama dakika mbili, ndipo nikasikia kucha zikigonga sakafu, polepole, zinakuja.