Fisi wa Wagalatia

Kila wiki nikiuliza, "Juma lililopita tulijifunza nini?" kikundi chetu cha Biblia huinamisha vichwa kama watu walio katika maombi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha kwamba mengi tunayojifunza hututoka siku ile ile. Angekuja kwetu asingehangaika hivyo. Sisi hututoka kabla ya amina.

Basi nikabuni ujanja wa herufi. Hata Zaburi ya 119, nikajitetea, imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, aya nane nane kwa kila herufi. Tukachukua tunda la Roho, Wagalatia 5:22-23: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Herufi za kwanza nikazitungia sentensi: "Ukimwona Fisi Amelala, Usimwamshe, Ukimwamsha Fisi, Utaliwa Ukipiga Kelele." Kila neno na tunda lake. Watu walitoka wanaiimba hadi nje. Usiku ule nililala nikijiona mwalimu kwelikweli.

Sikuzihesabu zile U. Ziko tano! Na hapo hapo juu, aya ya 19 hadi ya 21, Paulo ameorodhesha matendo ya mwili, nako U zimejaa tele: uchawi, uadui, ugomvi, ulevi, ulafi. Hata F zipo, fitina na faraka.

Wiki iliyofuata mchungaji akatutembelea. Akauliza nani atamtajia tunda la Roho. Akasimama mzee mmoja ambaye tangu nimfahamu hajawahi kujibu swali lolote. Machozi yalinilengalenga. Akafumba macho, midomo ikampitia fisi kimyakimya, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole:

"Upendo... fitina... amani... ugomvi... utu wema... faraka... uadui..."

Nikakohoa. Nikamkonyeza. Akadhani namtia moyo, akapandisha sauti.

"Ulevi! Kiasi!"

"Ulevi wa kiasi, mzee wangu?" mchungaji akauliza taratibu.

Mzee, ambaye mwisho wa aya aliushika bila kukosea hata neno, akamalizia kwa ushindi:

"Juu ya mambo kama hayo hakuna sheria!"

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Na haya mmefundishwa na nani?"

Hilo hakuna hata mmoja aliyekuwa amelisahau.