Hekta hazimshibishi ng'ombe

Uhifadhi wa malisho ukizungumzwa Tanzania, Shinyanga lazima itajwe, na inastahili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa muda ili nyasi ziote, zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia 2004 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000.

Tazama makadirio hayo vizuri. Pengo lake peke yake ni hekta 200,000! Hata tungezijua zote mpaka ya mwisho, zingetuambia eneo lililofungwa, si kilichoota humo.

Ngitili ya Wasukuma hufungwa mvua zikianza, hufunguliwa kiangazi kikikaza ili ndama, maksai na ng'ombe dhaifu wapate chochote. Basi swali la kupima liko wazi: siku ya kufungua, nyasi zilizomo zitawalisha kwa muda gani? Ndama wangapi watafika masika?

Halafu kuna mvua, ambayo haina mradi wala mfadhili. Aliyepiga picha za malisho baada ya El Niño ya 1997 na 1998 angeweza kuusifu mradi wowote ule. Ndiyo maana kipimo bila eneo la jirani lisilofungwa, lenye udongo uleule na mvua ileile, mimi sikiamini. Picha za satelaiti nazo zina mtego wake: zinaona kijani. Vichaka vya migunga vikisongamana hadi nyasi zikakosa jua, satelaiti itafurahi na ng'ombe atalala njaa.

Waliojaribu kuuliza kaya zenyewe walipiga hatua kubwa zaidi. Walihesabu kuni, dawa, nyasi za kuezekea, asali na malisho, wakapata thamani ya takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Nawapongeza, ila wastani huo unamchanganya mwenye ngitili yake na ng'ombe mia pamoja na jirani asiye na hata mbuzi, anayetegemea ngitili ya kijiji. Ningependa kuona hesabu za hao wawili kila moja peke yake.

Wapimaji wapo tayari vijijini: sungusungu wanaolinda ngitili na kuwatoza faini wavamizi wanajua kila kona yake. Wapeni fremu ya mraba, mundu na mizani, wakate nyasi, wazikaushe na kuzipima kila mwaka kabla ya kufungua, ndani ya ngitili na nje yake. Gharama yake haifikii hata posho za semina moja.